Fulu wa Rangi, Fulu wa Kahawia

Wivu wa Damaris haukuanza na samaki. Ulianza na mabati. Siku Joyline alipoletwa kisiwani Mfangano kuolewa na Oliver, mdogo wa mume wa Damaris, ni Damaris aliyempokea bichi, akambebea sanduku, akampikia, akamwambia mama mkwe anapenda uji wa namna gani na asiingie kwake bila kubisha. Aliyafanya yote kwa moyo mweupe. Lakini kabla mwaka haujaisha Oliver alikuwa amemwezekea mkewe mabati mapya, na nyumba ya Damaris ilikuwa bado ya nyasi, tena inavuja upande wa kitanda. Mvua ikija, alisogeza sufuria chini ya matone huku akisikia mabati ya jirani yakipiga makelele, akaona kabisa kwamba yanamcheka.

Kisha ukaja wivu wa watoto, na huo hakuna sufuria ya kuukinga. Joyline alimzaa Achieng, akafuatisha wa pili, na wa tatu, na wa nne, kwa urahisi ambao Damaris aliuona ni ukosefu wa adabu. Yeye hakujaliwa hata mmoja. Jared, mumewe, alikwenda Osiri kuchimba dhahabu. Dhahabu hatujui kama aliipata, ila alipata mke mwingine na mtoto wa kiume, na kuja kwake Mfangano kukawa kwa matanga tu. Pale bichi kila mwanamke alikuwa mama wa mtu. Joyline aliitwa Mama Achieng hata na watu waliomzidi umri. Damaris aliitwa Damaris, au nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, kana kwamba alikuwa ameshuka kwenye boti juzi.

Kwao wake wa ndugu wawili huitana nyieka, neno lile lile la wake wenza, na Damaris aliona waliolichagua neno hilo walijua walichokuwa wakifanya.

Kazi yao ilikuwa moja, na aliyeifundisha ni Damaris. Waliuza fulu, wale samaki wadogo wa ziwa wanaolingana na kiganja, ambao wenye pesa huwaruka wakitafuta samaki wakubwa, ngege na mbuta. Kuuza fulu kuna ufundi wake. Wavu ukimwagwa, mwanamke huchutama mbele ya lundo na kuchambua: wa rangi kwenye beseni hili, wa kahawia kwenye lile. Wa rangi ni wale wenye wekundu, ubuluu au manjano, na wateja huwalipia zaidi kwa imani kwamba wana mafuta. Wa kahawia huanikwa juani, na wanaobaki huishia kwa kuku. Kila rangi ilihesabiwa kuwa ukoo wake na ilikuwa na jina lake. Hawa wa kahawia waliitwa wa kahawia tu, wote pamoja. Hivyo ndivyo mama mkwe alivyomfundisha Damaris, na hivyo ndivyo Damaris alivyomfundisha Joyline, akimpiga vidole kidogo alipochanganya.

Akamfundisha pia mawe. Upande wa magharibi wa kisiwa kuna miamba iliyoingia majini, na katikati yake mna mashimo ambamo nyavu hazifiki. Mwanamke mwenye kijiti, uzi na mnyoo anaweza kukaa pale asubuhi nzima na kutoka na mboga ya siku. Damaris hakuwahi kumwonyesha mtu mwingine mahali pale. Alimwonyesha Joyline wakati bado anampenda.

Sasa, mwaka mmoja akaja Okari. Alikuwa mtafiti wa samaki, Mkisii mpole wa Kisabato aliyekodi vyumba viwili nyuma ya duka, akavijaza matangi ya kioo na pampu za hewa zilizonguruma mchana kutwa. Alikuwa akinunua samaki ambao hakuna aliyewataka. Alisema ziwani mna fulu wengi ambao wataalamu hawajawapa majina, na kwamba wengine wamekwisha kabisa kabla hata ya kuandikwa. Watu wakamwita daktari, wakamwona ni mtu mzuri aliyesoma kupita kiasi.

Joyline ndiye aliyempelekea yule wa mkia mwekundu. Alikuwa mweusi tititi, mkia kama pilipili iliyoiva, na doa la machungwa begani. Alimvua kwenye mawe ya Damaris, akampeleka akiwa hai ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Okari alipomwona alivua miwani, akaivaa, akaivua tena. Kufikia jioni bichi nzima ilikuwa na habari: Mama Achieng amepata samaki asiyejulikana duniani, na samaki huyo ataitwa Joyline.

Damaris alizisikia akiwa anapindua fulu juani. Akaendelea kupindua hata wale aliokwisha kuwapindua.

Tuseme ukweli, si kwamba alikuwa na haja na samaki. Ni jina. Kwao mtoto akizaliwa hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na mara nyingine marehemu mwenyewe huja katika ndoto ya mzazi kulidai. Damaris alikuwa amewaza sana habari hiyo, kuliko alivyotaka watu wajue. Yeye akifa, ataingia ndoto ya nani? Mwana wa Jared kule Osiri hamjui sura. Watoto wa Joyline watakuwa na mama yao wa kumkumbuka. Jina lake litakwenda naye chini, na udongo utarudishwa, basi. Na huyu Joyline, mwenye watu wanne wa kulibeba jina lake, ameongezewa na samaki!

Asubuhi iliyofuata Joyline alikuja kwake na chupa ya chai, akakaa kizingitini, uso umejaa habari.

"Nyieka, umesikia? Lakini bado iko na shida kidogo. Huyo daktari anasema..."

"Sina haja na samaki yako," Damaris akamkata.

"Ni kitu ndogo tu nataka uskie. Anasema hawezi andika mpaka apate..."

"Joyline. Si nimekwambia? Umeenda kwa mawe yangu, umetoa samaki yangu, sasa unaniletea hadithi. Kunywa chai yako uende."

Joyline akainuka. Akamimina chai kwenye kikombe cha Damaris, akakiacha mlangoni, akaondoka. Damaris aliitazama chai ile ikipoa, na akaona hata kupoa kwake ni maringo. Kama angemwacha mwenzake amalize sentensi moja tu, kisa hiki kingekuwa kingine.

Kwa sababu hapo ndipo lilipomjia wazo. Kama Joyline amepata wake, yeye atapata wake pia. Alikumbuka kwamba kwenye mawe yale kulikuwa na fulu wa kahawia asiyefanana na wa kahawia wengine. Alikuwa na mstari mmoja mweusi kutoka jichoni mpaka mkiani, na midomo myeupe. Alikuwa amemla mara nyingi bila kumfikiria. Samaki huyo hakuwa na jina hata kwa wavuvi. Akachukua kijiti chake na ndoo yenye mfuniko, akaenda.

Alikaa juu ya mwamba mpaka jua likamchoma utosi. Walikuja wengine, akawarudisha majini. Mara mbili aliona mkia mwekundu ukipita kwenye shimo hapo chini, akautemea mate. Mwishowe uzi ukavutika, akamtoa wa mstari mweusi. Baadaye kidogo akamtoa wa pili, huyu akiwa na mashavu yaliyovimba. Alipomtia ndoani, huyu wa pili alifungua mdomo, na wakatoka humo vitoto, vidogo kama makapi ya wimbi, vikatawanyika majini. Damaris akashtuka. Kivuli chake kilipoingia juu ya ndoo, vitoto vyote vikakimbia kurudi kinywani mwa mama yao, naye akafunga mdomo, akatulia.

Damaris alimtazama kwa muda mrefu.

"Hata wewe," akamwambia.

Kisha akafunika ndoo.

Okari alimpokea vizuri mno. "Karibu, Mama Damaris," alisema, kwa sababu aliamini kila mwanamke wa umri ule ni mama, na hakujua kwamba kwa kusema hivyo amemfanya Damaris mama wa Damaris. Aliwaangalia wale wawili kwa kioo cha kukuzia, akawageuza, akawapima midomo.

"Umewatoa wapi?"

"Ni wangu. Nimewatoa kwa mawe yangu."

"Sijawahi kuona mwenye mstari kama huu."

"Na kama ni mpya, itaitwa nani?"

Okari akacheka. "Tusubiri kwanza, mama. Nahitaji kuwajua."

Kusubiri kukawa kazi mpya ya Damaris. Kila siku alipitia pale, leo akitafuta kiberiti dukani, kesho akiuliza saa. Aliviona vitoto vikikua mpaka mama yao hakuweza tena kuvibeba, akaviachia tangi. Katika tangi kubwa, upande wa pili wa kioo cha katikati, waliogelea wale wa mkia mwekundu wa Joyline, maana alikuwa amepeleka na wengine. Walipendeza, hilo Damaris hakuweza kulikana. Alikuwa akiwageuzia mgongo na kuongea na wake wa kahawia kwa Dholuo, akiwaambia wale vizuri na wasiwaogope majirani.

Bichi walimtania. "Nyar Ndhiwa, mtoto ameamkaje?" Akacheka nao. Lilikuwa jambo jipya kuulizwa hali ya mtoto, hata kama ni kwa mzaha.

Siku Okari alipowaita wote wawili, Damaris alivaa gauni la kanisani. Alimkuta Joyline amefika mapema, na magamba ya samaki bado yamo mikononi. Okari hakuwa na maneno mengi. Alisimama mbele ya tangi kubwa akikuna shingo.

"Nimeshawahi kuwaweka hawa wa mkia mwekundu na fulu wengine wa kahawia, wale wa kawaida," alisema. "Hawakuwatazama hata. Wanakula, wanapita. Sasa leo nataka kuona kitu."

Akainua kile kioo cha katikati.

Mwanzoni hakikutokea kitu. Kisha yule mkubwa wa mkia mwekundu akamwona wa kahawia mwenye mstari mweusi. Weusi wake ukakoza, mkia ukawaka, mapezi yote yakasimama. Akamwendea, akasimama mbele yake ubavu, akaanza kutetemeka mwili mzima.

"Mtoe!" Damaris akapiga kelele. "Anamsumbua!"

"Hamsumbui, mama," Okari akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Anamtongoza."

Joyline akaziba mdomo asicheke. Damaris alikuwa akimngoja samaki wake afanye adabu, akimbie, ajifiche nyuma ya jiwe. Hakukimbia. Alimfuata mwekundu mpaka mchangani, wakazunguka, wakazunguka tena, na wa kahawia akadondosha yai, akageuka, akaliokota kwa mdomo. Akadondosha jingine. Mwekundu akamtandazia pezi lake la chini, lenye madoa ya manjano yaliyofanana na mayai yale yale.

Okari aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ni yeye," akasema. "Ndiye jike lake. Miezi yote hii nilikuwa na madume matupu. Wakubwa wangu walikataa, wakaniambia labda ni fulu wa kawaida aliyechovywa rangi, na rangi peke yake haitoshi kumfanya samaki awe aina yake. Nilimwambia Mama Achieng, bila jike sitaandika kitu."

Damaris akamgeukia Joyline. Joyline alikuwa akitazama sakafu. Ile sentensi ya mlangoni, na ile chai.

"Sijaelewa," Damaris alisema, ingawa alikuwa ameelewa. "Huyu ni wa rangi. Wangu ni wa kahawia."

"Ni kama jogoo na tembe," Okari akajibu. "Ukiwaona kwa mara ya kwanza, bila kujua kuku, ungesema ni ndege wawili. Na kuna fulu wengine wanafanana kabisa, mimi mwenyewe hunichanganya, lakini wao hawachanganyikani. Hawaoani. Hao ni aina mbili. Kinachotuambia zaidi ni nani anazaa na nani. Nyinyi pale bichi mnapochambua wa rangi na wa kahawia, mara nyingi mnatenganisha waume na wake zao."

Ulikuwa umri mzima wa kazi. Damaris alijiona amechutama mbele ya lundo, mikono inakwenda mbio, huyu huku, yule kule. Lakini hilo halikumuuma. Lililomuuma lilikuwa jingine.

"Kwa hivyo wangu ataitwa nani?"

"Ni aina moja, mama. Jina moja."

"Lipi?"

Okari akaangalia pembeni. "Tulikuwa tumesema Joyline. Ndiye aliyeleta wa kwanza."

Hata samaki wangu amehamia kwa Joyline, Damaris aliwaza. Alimtafuta kwa jua kali, akambeba kwenye ndoo, akamlisha kwa maneno, na kumbe alikuwa akimpelekea Joyline kile pekee alichokuwa amekosa. Wa kahawia asingekuja, mwekundu angebaki samaki wa kopo la mafuta. Ni wivu wake mwenyewe uliolishika jina la Joyline na kulipandisha juu.

"Nirudishie samaki wangu," akasema.

"Mama Damaris..."

"Nirudishie. Nitawakaanga."

Hapo ndipo Joyline alipoinua kichwa.

"Daktari, andika Damaris."

"Una hakika?"

"Andika Damaris. Hayo mawe ni yake, yeye ndiye alinionyesha." Akamwekea Damaris mkono begani, mkono wenye magamba juu ya gauni la kanisani, na akaongeza, kwa upole wote alionao mtu mwema, "Halafu mimi niko na Achieng na wenzake. Jina yangu haiwezi kosa mtu wa kuibeba. Huyu nyieka wangu hana mtu."

Pampu za hewa zilinguruma. Hakuna aliyewahi kulisema hilo mbele ya Damaris, hata Jared, hata mama mkwe akiwa amekasirika. Sasa limesemwa kwa upendo, mbele ya mgeni, na mkono begani. Damaris alitafuta tusi. Alikuwa nayo mengi, ya miaka, yamepangwa. Alitaka kusema, sitaki chako, mpe samaki na bati lako. Alitaka kuutoa mkono ule. Lakini jina lake lilikuwa pale, mbele yake, likingoja, na alijua kwamba halitapita tena.

"Andika vizuri," akamwambia Okari. "Usikosee herufi."

Jina likatoka mwaka uliofuata, likiwa na mkia wa Kilatini ambao Okari alimtamkia mara kadhaa kwa simu. Akamletea picha kubwa: mwekundu na wa kahawia, pamoja, na chini yao jina moja. Damaris aliitundika ukutani, mahali ambapo mvua haifiki. Watu walikuja kuiona. Mchungaji aliitaja kanisani. Wavuvi wakaanza kumwita mama wa fulu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akawa mama wa kitu.

Nawe ungedhani sasa ametulia. Wapi! Kila siku alimngoja Joyline ajisifu. Alimngoja kisimani, kanisani, kwenye foleni ya kusaga mahindi. Angesema mara moja tu, "Mimi ndiye nilimpa," Damaris angepata sababu ya kumchukia kwa raha, wakawa sawa. Joyline hakusema. Hakumwambia hata Oliver, maana Oliver alikuja kumpongeza shemeji yake kwa moyo wote. Watu wakiuliza, Joyline alisema, "Ni samaki ya Damaris," na akaendelea na kazi yake. Unyamavu ule ulimchoma Damaris kuliko mabati, kuliko watoto wanne. Mtu akikunyang'anya utamdai, lakini aliyekupa, tena akasahau, utamfanya nini?

Siku moja ya soko akaja Pauline, mfanyabiashara wa Ndhiwa, mtu wa kwao kabisa. Alisimama mbele ya mabeseni yao, ambayo yalikuwa yamekaa jirani kama siku zote.

"Si wewe ndiye Damaris wa samaki? Huko nyumbani tumesikia! Walikupea jina namna gani?"

Damaris alikuwa na hadithi yake tayari, ya mwamba na jua na vitoto vilivyorudi kinywani. Ilikuwa hadithi nzuri na watu waliipenda. Akamtazama Joyline kwa pembe ya jicho. Joyline alikuwa akichambua, wa rangi huku, wa kahawia kule, bila kuinua kichwa. Angetabasamu tu kidogo, hadithi ingetoka.

"Nilipewa na huyu," Damaris akasema, akamwonyesha kwa kidevu. "Samaki ilikuwa yake. Yeye ako na watoto wanne. Mimi sina."

Mikono ya Joyline ikasimama. Pauline aliwatazama wawili hao, macho yakamlegea, akaweka mkono kifuani.

"Yawa, jamani," akasema. "Kuna watu wazuri dunia hii."

Kisha akainama, akanunua beseni zima la Joyline.

Damaris alibaki na lake limejaa mpaka ukingoni. Alichukua kitambaa, akafukuza nzi, akawatazama fulu wake, wa rangi na wa kahawia.

"Mnaona sasa?" akawaambia.